Hind, mtu wa nyota zinazopotea

Likizo iliyopita, kwenye mazoezi ya kufundisha, nilipangiwa shule moja wilayani Manyoni, mkoani kwetu Singida. Fizikia, kidato cha nne, mada ya astronomia, ile inayowekwa mwisho wa silabasi ili muda ukiisha iachwe bila mtu kulalamika. Siku hiyo nimemaliza sayari, naanza nyota, kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akauliza kama nyota inaweza kuwepo leo, kesho isiwepo, halafu baada ya muda ikarudi. Bibi yake alimwambia zipo za namna hiyo.

Nikamjibu haraka haraka kwamba hakuna. Nyota zimekaa palepale maelfu ya miaka, nikasema, na kama bibi aliona kitu kikapotea basi lilikuwa wingu. Darasa likacheka. Kijana akakaa. Mimi nikaendelea na ubao, nikijiona mwalimu.

Bibi aliona nini mimi sijui, na inawezekana kabisa ilikuwa sayari inayohama taratibu. Lakini jibu langu lilikuwa la uongo. Niliporudi chuoni nikaingia maktaba kutafuta kitu kingine cha somo la historia ya sayansi, nikakutana na jina la John Russell Hind, na nikagundua kwamba swali la yule dogo lilishajibiwa mwaka 1855. Kwa hiyo makala hii ni ya Hind, ila ni deni langu pia, msomaji utanisamehe.

Hind alizaliwa tarehe 12 Mei 1823 mjini Nottingham, Uingereza, mji uliokuwa ukiishi kwa kutengeneza lesi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha lesi, mmoja wa watu wa mwanzo kuleta pale mjini mashine za Jacquard, zile zinazofuma urembo kwa kufuata kadi zenye matundu. Mtoto wa kiwandani, basi, ungetegemea arithi mashine. Yeye alipenda anga tangu akiwa shule. Alipofika miaka 17 akapelekwa London kufanya kazi kwa mhandisi wa ujenzi. Hakuipenda. Wapo wengi hapa chuoni wanaosoma kozi waliyochaguliwa na nyumbani, watanielewa nikisema kwamba jamaa hakudumu: mwaka uleule, 1840, kwa kusaidiwa na mwanafizikia Charles Wheatstone, akapata nafasi kwenye kituo cha kifalme cha kuangalia nyota, Greenwich, chini ya George Airy.

Usidhani alipewa darubini siku hiyohiyo. Alipewa kitengo cha sumaku na hali ya hewa: kusoma sindano, kuandika namba, kusoma tena, kuandika tena. Miaka karibu minne. Pia aliingizwa kwenye msafara wa kupima longitudo ya Valentia, kisiwa cha Ireland. Kazi ya longitudo iweke akilini, maana baadaye itatuleta mpaka Manyoni.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 21, alihamia kwa George Bishop, tajiri aliyepata fedha zake kwenye biashara ya mvinyo na kujijengea kituo chake mwenyewe cha nyota nyumbani kwake Regent's Park, London. Darubini kubwa ya pale ilikuwa na lenzi ya inchi saba. Leo inchi saba ni darubini ya mtu binafsi. Kwa macho ya Hind ilitosha sana.

Namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyonivutia kuliko orodha ya mambo aliyoyapata. Unachukua ramani ya kipande kidogo cha anga chenye nyota hafifu. Unatazama kwenye darubini. Unalinganisha nukta moja moja. Kama kuna nukta angani isiyokuwepo kwenye ramani, mambo ni mawili au matatu: mchoraji aliisahau, au ni sayari ndogo iliyokatiza, au ni nyota inayobadilika mwanga. Kesho unarudi palepale. Ikiwa imehama, ni sayari ndogo. Ikiwa ipo palepale, subiri. Alianza na ramani zilizochorwa Berlin, zilipomwishia akachora za kwake, ukanda kwa ukanda, kwenye njia ambayo Jua na sayari hupita. Ni kazi ya kuchosha kama kusahihisha mitihani ya jaribio ya mikondo sita, tena kwenye baridi.

Matokeo yalikuja mfululizo. Oktoba 1845 aliandika habari za nyota nyekundu ajabu katika kundi la Sungura, akaifananisha na tone la damu; hadi leo watu wanaiita nyota nyekundu ya Hind. Tarehe 30 Septemba 1846, wiki moja tu baada ya Neptuni kugunduliwa Berlin, yeye alikuwa ameshaiona kutoka London. Mwaka 1847 aliona nyotamkia ambayo baadaye ilisogea karibu na Jua kiasi cha kuonekana mchana. Mwaka huohuo, Agosti na Oktoba, akapata sayari ndogo mbili, Iris na Flora, ya 7 na ya 8 kujulikana duniani. Hadi 1854 alikuwa amefikisha kumi.

Moja ya hizo kumi ilimletea ugomvi. Aliipata Septemba 1850 akaiita Victoria. Wanaastronomia wa Marekani wakagoma: sayari hazipewi majina ya wafalme walio hai. Hind akajitetea kwamba Victoria ni mungu wa ushindi wa Warumi wa kale, si malkia wake, lakini kama hawataki basi waiite Clio. Kwa muda ikawa na majina mawili, kila upande wa bahari na lake. Mwishoni Victoria likabaki. Miaka minane baadaye Speke alifika kwenye ziwa letu akalipa jina la malkia yuleyule, na hapo hakukuwa na mtu wa kumwomba jina la akiba.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyopotea, maana huyu mzee vilimwandama. Aprili 1848 aliona nyota mpya katika kundi la Mbeba Nyoka, pale ambapo hakukuwa na kitu; iling'aa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, kisha ikafifia. Hiyo ni nova, mlipuko wa kweli. Oktoba 1852 aliona wingu dogo hafifu pembeni ya nyota katika kundi la Ng'ombe. Mwaka 1861, Heinrich d'Arrest wa Copenhagen alipotazama palepale hakuliona. Fikiria aibu hiyo. Umetangaza wingu, umeliandika, mwenzako mwenye darubini nzuri anakuja kusema hapana kitu. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba wingu lenyewe linabadilika mwanga, kwa kuwa linaangazwa na nyota isiyotulia. Hind alikuwa sahihi. D'Arrest naye alikuwa sahihi.

Halafu ikafika tarehe 15 Desemba 1855. Hind alikuwa kwenye kundi la Mapacha, eneo alilokuwa ameshalipitia kwa miaka mitano kwa ajili ya ramani zake. Akaona nyota ya daraja la 9 ambayo hakuwahi kuiona pale.

Daraja la mwanga, kwa asiyesoma fizikia, ni kama nafasi darasani: namba ndogo ndiyo bora. Nyota angavu ni za daraja la 1, hafifu kabisa kwa macho matupu ni la 6. Ya 9 inataka darubini, hata ndogo.

Haikuhama, kwa hiyo si sayari ndogo. Ikaanza kufifia, na baada ya wiki chache ikazama chini ya uwezo wa darubini yake. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nova nyingine dhaifu. Lakini Machi 1856 Norman Pogson, akiwa Oxford, aliikuta imerudi. Pogson alikuwa kijana wa Nottingham pia, mdogo wa Hind kwa miaka sita, na aliwahi kufanya kazi palepale kwa Bishop. Ndiye aliyependekeza mwaka huohuo kipimo tunachotumia mpaka leo, kwamba tofauti ya madaraja matano ni mwanga mara mia. Usiku mmoja aliiona nyota ya mwenzake ikipepesa kwa namna ambayo majirani zake kwenye kioo hawakupepesa. Kutoka Desemba 15 mpaka mwisho wa Machi ni kama siku mia.

Nyota hiyo leo inaitwa U Geminorum, na ndiyo ya kwanza ya jamii nzima tunayoiita nova vibete. Kwa kawaida inakaa karibu daraja la 14, haionekani bila darubini kubwa. Ghafla, ndani ya siku moja au mbili, inapanda hadi 9, yaani mwanga wake unazidi mara mia. Inakaa hivyo wiki moja au mbili, inashuka, inasubiri. Wastani wa kusubiri ni siku mia, ila wastani huo usikudanganye: safari nyingine inarudi baada ya miezi miwili, nyingine inapitisha zaidi ya nusu mwaka. Haina ratiba. Njia pekee ya kuikamata ni mtu kuwa anaangalia.

Hind hakujua kwa nini. Jibu lilikuja katikati ya karne ya 20. Kumbe si nyota moja, ni mbili, zimekaribiana mno hadi zinazungukana kwa saa nne na robo hivi. Moja ni kibete cheupe, kiini cha nyota iliyokwisha kuzeeka, ukubwa wake kama Dunia hii lakini uzito wake kama Jua na zaidi. Nyingine ni nyota ndogo nyekundu, na mwenzake anaivuta gesi. Gesi haiangukii moja kwa moja juu ya kibete. Inazunguka, inatengeneza sahani pana kama ungo.

Hapo ndipo kuna utamu. Fikiria foleni ya kafeteria siku bumu limechelewa. Watu wanaingia nyuma taratibu kuliko dirisha linavyohudumia, hapana, kinyume chake: wanaingia haraka kuliko wanavyotoka. Mwanzo wametulia, hakuna anayemgusa mwenzake, foleni haisogei. Wakizidi wanaanza kubanana, kusuguana, joto linapanda, na ghafla wote wanasukumana mbele kwa mkupuo. Kisha foleni inapungua, utulivu unarudi. Sahani ile hivyohivyo. Ikiwa baridi, gesi haisuguani sana, inarundikana. Joto likifika kama nyuzi elfu kumi, atomi za hidrojeni zinapoteza elektroni zake, msuguano unapanda, gesi inaporomoka kuelekea kibete, na sahani nzima inang'aa. Kisha inapoa. Wazo la kwamba tatizo liko kwenye sahani yenyewe lilitolewa na Mjapani Yoji Osaki mwaka 1974. Mfano wa kafeteria ni wangu, usimlaumu yeye.

Tofauti na nova ya 1848 ni hiyo: ile ni mlipuko wa nyuklia juu ya kibete. Hii ni gesi kuanguka tu.

Nirudi kwa Hind, maana wakati anaiona nyota hiyo alikuwa tayari na ajira nyingine. Tangu 1853 alikuwa msimamizi wa almanaki ya mabaharia, kitabu cha serikali ya Uingereza kilichotoa mahali pa Jua, Mwezi na sayari kwa kila siku ya mwaka. Alikaa kwenye kiti hicho hadi 1891, miaka 38. Alipata sayari ndogo yake ya mwisho mwaka 1854, na baada ya hapo majedwali yakamla. Waandishi wengine wanaona huruma, kipaji kimefungiwa ofisini. Mimi siafiki sana, na sababu yangu iko nyumbani.

Kati ya Ugogo na Unyamwezi, njia ya misafara ya karne ya 19 ilipita nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, pori la vichaka lenye maji haba lililoogopwa na kila msafara. Leo sehemu yake kubwa ni wilaya ya Manyoni, Itigi ndani yake, na reli ya kati inapita humo. Burton na Speke walikatiza mwaka 1857. Speke alirudi na Grant, wakavuka mwanzoni mwa 1861 kuelekea Kazeh, yaani Tabora. Nyikani humo hakuna ufukwe wala saa ya mnara. Mtu akitaka kujua longitudo yake, njia mojawapo ilikuwa kupima pembe kati ya Mwezi na nyota, kisha kufungua almanaki kuona pembe hiyo ni ya saa ngapi kwa saa za Greenwich. Jedwali likikosewa, mto unachorwa pasipo pake. Almanaki ya 1861 ilitoka kwenye ofisi ya Hind. Na haikutembea yenyewe, ilibebwa na wapagazi pamoja na mahema na nyuzi za shaba, ikapita pale ambapo miaka mia moja na sitini baadaye mimi nilisimama na chaki kusema nyota hazibadiliki.

Heshima alizipata. Chama cha wanaastronomia wa Uingereza kilimpa medali ya dhahabu mwaka 1853, na kuanzia 1880 hadi 1882 alikuwa rais wake. Bishop alifariki 1861. Vyombo vyake vikahamishiwa Twickenham, nje kidogo ya London, na baadaye vikaishia Naples, Italia. Hind mwenyewe alifia Twickenham tarehe 23 Desemba 1895, na miaka 72.

Alikosa kidogo tu. Mwaka uliofuata, 1896, Louisa Wells, mmoja wa wanawake waliokuwa wakikagua picha za anga katika chuo cha Harvard, aligundua nova kibete nyingine, SS Cygni, katika kundi la Bata-maji. Hii ni angavu zaidi: imelala kwenye daraja la 12, ikiamka inafika 8, na inaamka kama kila siku hamsini. Tangu hapo watu wa kila aina, makarani, walimu, mafundi, wamekuwa wakipokezana kuiangalia na kutuma namba zao, hasa kwa chama cha Wamarekani kilichoanzishwa mwaka 1911. Ukichora namba hizo unapata vilima zaidi ya karne nzima karibu bila pengo.

Kwa mtu wa Singida hii ndiyo nyota yenyewe. U Geminorum inapaa vizuri jioni kuanzia Januari, wakati kwetu ni masika na mawingu; ukiitaka kiangazi inabidi uamke saa kumi alfajiri mwezi wa kumi. SS Cygni iko kaskazini, na ukiwa Manyoni inapanda kama nyuzi arobaini juu ya upeo, Agosti saa sita za usiku, Oktoba mapema saa tatu. Ni miezi mikavu, anga jeusi, umeme wenyewe ukikatika ndiyo raha. Kwa darubini ya mkononi ya milimita 50 ikiwa imelala huioni kabisa, ikiamka unaiona. Leo haipo, kesho ipo.

Kwa hiyo Septemba nilimwandikia yule kijana barua, kurasa mbili, nikaipitisha kwa mwalimu wake wa fizikia. Nilimwambia nilikosea mbele ya darasa na naomba asomewe mbele ya darasa. Nikachora ramani ya Bata-maji kwa kalamu. Nikaeleza habari za Hind, hasa hili: kwamba aliitambua nyota ile kwa sababu alikuwa na miaka mitano ya kuandika kwamba pale hapana kitu. Usiku usioona chochote nao unaandikwa.

Baada ya wiki tatu mwalimu akanitumia picha ya ukurasa wa daftari. Safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya mawingu, safu ya nyota. Mistari kumi na saba. Haipo. Haipo. Haipo, mawingu. Haipo.

Nikafurahi kama dakika mbili, halafu nikasoma tena barua yangu kwenye simu. Nilikuwa nimesahau kuandika kwamba inahitaji darubini. Dogo alikuwa anatafuta nyota ya daraja la 8 kwa macho matupu, usiku kumi na saba, na mtihani wa taifa uko mwezi ujao.

Nimempigia mwalimu nikaeleza. Alicheka, kisha akanikumbusha habari ya mtihani. Mistari ile kumi na saba isifutwe, nimemwambia, ila iongezwe safu moja: nyota hafifu kuliko zote aliyoiona usiku huo ni ipi. Ndivyo waangalizi wanavyofanya. Haipo yenyewe haisemi kitu mpaka useme jicho lako liliishia wapi. Rafiki yangu wa kozi ya wanyamapori ana darubini ya mkononi, saba kwa hamsini, kifuniko kimoja kimepotea. Amekubali niiazime mpaka Desemba. Inaondoka na basi la Ijumaa, na nimeandika juu ya boksi kwamba isiwekwe chini ya magunia.